Meza ya Fundi: Darasa lililokimbiwa Kibirizi

Safari hii barua karibu zote zimekuja na jambo moja, vijana na mitambo. Pengine ni kwa sababu likizo imekaribia, pengine ni ule uvumi kwamba natoa kompyuta bure. Sitoi. Kwa msomaji mgeni: mimi ni fundi redio, kibanda changu kiko Mwanga hapa Kigoma mjini, na huu ni mwaka wa tisa tangu nianze kusogeza redio mbovu pembeni kila Jumamosi ili meza iwe ya vijana. Tunarekodi, tunahariri, tunafungua simu na kuzifunga. Nikikujibu kwa ukali usinune, ujue barua yako imenigusa.

*Shikamoo Fundi. Mimi ni katibu wa kikundi cha vijana Kibirizi. Tulipata msaada wa kompyuta nane zilizotumika, ofisi ya mtaa ikatupa chumba. Tulianza Jumamosi ya pili baada ya Idi (Idi yenyewe iliangukia Jumatatu), saa nne asubuhi. Siku ya kwanza walikuja vijana 31, wengine wakasimama dirishani. Jumamosi ya tatu ya darasa walikuwa tisa. Tunafundisha sehemu za kompyuta, kuwasha na kuzima, kuchapa barua, na mbele tutaingia kwenye majedwali. Mwenyekiti wetu anasema vijana wa siku hizi hawataki kujifunza. Wewe unaonaje?*
Katibu, Kibirizi

Marahaba, mwanangu. Mwambie mwenyekiti atoke nje usiku atazame juu.

Nimehesabu kwa vidole. Idi ni mwezi mosi, yaani siku ya kwanza ya Mfunguo Mosi, na kila siku ya mwezi mwandamo naihesabu hivyo. Kama iliangukia Jumatatu, Jumamosi ya pili ni mwezi kumi na tatu, mbalamwezi imejaa. Wewe ni mtu wa Kibirizi, ufukweni mwa ziwa, unajua maana yake kuliko mimi wa Mwanga: dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na kukiwa kweupe hawaifuati, kwa hiyo mitumbwi imepumzika, watu wanashona nyavu, na vijana wako nchi kavu hawana pa kwenda. Ndiyo ukawapata 31. Jumamosi ya tatu ilikuwa mwezi ishirini na saba. Giza totoro. Kila mwenye mkono wa kuvuta kamba alikuwa ziwani tangu magharibi, karudi alfajiri, kauza, kala, na saa nne yako imemkuta anakoroma. Nakisia wale tisa waliobaki ni wasichana na wanafunzi. Nikikosea niandikie.

Usione aibu. Mimi ilinichukua karibu mwaka mzima kuligundua hilo, na sikuligundua mwenyewe. Kijana mmoja wa dagaa ndiye aliyeniambia, huku ananirudishia bisibisi yangu: "Fundi, ratiba yako ni ya watu wa ofisini." Tangu siku hiyo ratiba yangu inafuata mwezi. Mbalamwezi ikiwepo tunakutana siku tano mfululizo, kibanda kinafurika. Giza likiingia tunabaki na Jumamosi tu, baada ya alasiri, kazi ndogondogo.

Lakini kuna jambo la pili, nalo ni zito zaidi. Hizo sehemu za kompyuta unazofundisha, nani anazisubiri?

Mwaka 1973 nilikuwa mtoto mdogo. Redio Tanzania ilikuwa na kampeni ya afya iliyoitwa Mtu ni Afya, ikarushwa wiki kumi na mbili. Watu wazima walikaa kwa vikundi kuzunguka redio, nchi nzima wakafika kama milioni mbili. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi na kijitabu. Kipindi kikiisha, redio inazimwa, kiongozi anasoma, watu wanajadiliana, halafu wanakubaliana watafanya nini kabla ya kipindi kijacho. Sauti ya mtangazaji siikumbuki hata kidogo. Ninachokumbuka ni baba na majirani wawili wamevua mashati wanachimba choo nyuma ya nyumba yetu, na sisi watoto tunafukuzwa tusitumbukie. Wale wazee walikuwa wanajifunza redio? Walikuwa wanachimba choo, redio ikawa imo humo humo katika kazi.

Sasa nikupe la juzi. Serikali ilipofunga uvuvi Ziwa Tanganyika mwaka 2024, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, huku mtaani kwetu sauti zilizunguka kwenye magrupu. Mmoja anasema ni mwaka mzima, mwingine anasema waliolipia leseni hawahusiki. Niliwaambia vijana wangu: mna siku nne, nileteeni ukweli wa dakika nne ambao mama muuza dagaa ataucheza kwenye simu yake akauelewa. Hakuna aliyeniuliza cheti.

Walikwenda kwa afisa uvuvi, kwa watu wa BMU (kikundi cha wavuvi wanaosimamia ufukwe), kwa wachuuzi. Rekodi ya kwanza walifanyia hapo hapo kwenu, ufukweni. Haikufaa kitu. Upepo wa ziwa ukiingia kwenye maiki ya simu unanguruma kama lori la mchanga, na nyuma yake injini ya boti ikaja ikapita katikati ya sentensi muhimu kuliko zote, ile ya tarehe. Tukavalisha simu soksi ya mtoto, upepo ukapungua. Injini haikupungua. Ndipo mama mmoja akatufungulia stoo yake. Magunia ya dagaa wakavu yamepangwa hadi juu, pande tatu. Msomaji, nimeingia studio za kweli, za milango mizito na sponji ukutani, lakini sijawahi kusikia sauti kavu na safi kama ya mle stoo. Magunia yanakunywa mwangwi wote. Harufu ndiyo mtihani. Afisa alipiga chafya mara tatu.

Wakaja kibandani kuhariri. Tunatumia Audacity, ni programu ya bure, na haihitaji bando ukishaiweka. Binti mmoja, mwepesi sana, alipoona mawimbi ya sauti kwenye skrini akatambua kwamba pale palipolala ni kimya. Basi akakata kila kimya. Kila pumzi. Alipotuchezea, afisa uvuvi wa watu alikuwa anaongea kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Tulicheka mpaka jirani fundi cherehani akaja kuuliza kulikoni. Nikamwambia arudishe pumzi, moja baada ya nyingine, asikilize kila mara. Akakaa saa mbili. Sikumfundisha neno "kuhariri" siku ile, lakini leo ukimpa sauti yoyote anajua mtu anapumua wapi.

Kisha likaja la ukubwa wa faili. Dakika nne za sauti, chaneli moja, kilobiti 64 kwa sekunde, haifiki hata MB mbili. Ingekuwa video ya simu, tungezungumzia mamia ya MB, na hakuna mama wa dagaa atakayekula bando lake kwa ajili ya uso wa afisa. Kwa wenye vitochi tuliiweka kwenye memori kadi. Njiani humo wamejifunza kuchapa (waliandika maswali na utangulizi), kuhifadhi faili na kulipa jina linaloeleweka, na kutomwamini mtu mmoja kabla hujamuuliza wa pili. Hilo la mwisho ndilo gumu. Kijana mmoja alitaka kabisa kuweka ile habari ya mwaka mzima kwa sababu mjomba wake ndiye aliyeisema.

Na majedwali yako usiyatupe. Waambie waandike bei ya sado ya dagaa kila siku, ya giza na ya mbalamwezi, mwezi mmoja. Halafu wachore. Utaona kama watasinzia.

Kuhusu mashine zenyewe, kwa ufupi. Kama ni za mezani, piga hesabu ya wati mia hivi kwa moja pamoja na skrini yake: nane kwa saa nne ni uniti tatu na kidogo za Luku kila kipindi. Nani analipa? Kubalianeni sasa, kabla mita haijalia. Laptopu hula nusu ya hapo au pungufu. Moja ifanyeni maktaba: wekeni programu mbili, Kolibri yenye masomo na Kiwix yenye Wikipedia, ya Kiswahili ikiwemo. Zote mbili hufanya kazi bila intaneti baada ya kupakuliwa mara moja, na kwa rauta ndogo hata wenye simu watasoma. Pakueni sehemu yenye mtandao mzuri, mje nazo kwenye flashi.

Na vumbi. Wajerumani walipoizamisha meli yao hapa mwaka 1916, hii tunayoiita Liemba, mafundi waliipaka injini grisi nene kwanza. Ikalala majini mpaka 1924 ilipoinuliwa, na 1927 ikarudi kazini. Mimi nimeona kompyuta za msaada zimekufa katika miezi sita, juu ya meza, chumba kikavu, kwa sababu hakuna aliyezifunika hata kanga.

*Asalaam aleikum Fundi. Niko Ujiji. Binti yangu ana miaka kumi na minne, anataka kujiunga na vijana wanaojifunza kutengeneza video na mambo ya mtandao. Mimi na baba yake tunaogopa. Wavulana ni wengi, na simu zimeharibu watoto wa watu. Nikimkataza analia, nikimruhusu silali.*
Mama Mkubwa, Ujiji

Waaleikum salaam, dada yangu. Hofu yako si ya kijinga na sitakuambia uiache.

Nenda wewe kwanza. Usiende kuuliza, nenda ukakae. Beba ukili wako usuke, keti kwenye benchi kipindi kizima. Mahali pazuri hawatababaika ukiwepo. Tazama kama mlango uko wazi, kama yupo mwanamke mtu mzima miongoni mwa wanaofundisha, kama wasichana wanashika mashine au wanakaa nyuma ya wavulana wakitazama mabega. Hili la mwisho ni ugonjwa wa kwetu sote. Kibandani kwangu wavulana walikuwa wanafika mapema wanashika vipanya, wasichana wakija wanapewa kazi ya kuandika majina. Nikaweka siku mbili za wasichana peke yao, saa ambayo madrasa imeshatoka na jua halijazama. Wazazi wa Ujiji walinipongeza kwa jambo ambalo ningelifanya siku ya kwanza kama ningewauliza.

Muulize pia mwalimu: mtoto atatumia simu ya nani? Katika umri wake laini haiwezi kusajiliwa kwa jina lake, kwa hiyo laini yoyote atakayoshika ina mtu mzima nyuma yake. Awe ni wewe. Na akaunti yoyote atakayofungua, nywila uijue mpaka mtakapokubaliana vinginevyo.

Mwisho, mwambie akurekodi wewe. Nasikia Ujiji bado kuna wanawake wanaojua nyimbo za harusi za zamani. Akianza na sauti ya mama yake, utakuwa umeshajua anachofanya huko.

*Habari Fundi. Tuko Kasulu, tunafundisha vijana kupiga picha na video. Mmoja wao alirekodi watoto wakichota maji kisimani, video nzuri sana, tukaiweka mtandaoni kuonyesha shida ya maji. Mzazi mmoja akaja juu, anasema mwanawe amedhalilishwa. Sisi nia yetu ilikuwa njema. Tuiondoe?*
Mratibu, Kasulu

Iondoeni leo. Kisha mwende kwake, wewe na huyo kijana, mkamwambie mmeiondoa.

Nia njema naijua, iliniponza. Miaka kadhaa iliyopita vijana wangu walimhoji mama mmoja mchuuzi, mcheshi, na katikati ya kicheko akasema msimu ule amebahatika, amejaza gunia kumi na mbili. Tukaona raha, tukaitawanya sauti ile kwenye magrupu bila kumrudia. Jioni yake kila aliyekuwa anamdai alikuwa mlangoni. Kuna aliyemdai deni la marehemu mumewe. Alikuja kibandani kwangu kesho yake, hakupaza sauti, akaniuliza tu, "Fundi, mimi nilikukosea nini?" Sikuwa na jibu, nikamwambia nitafuta. Lakini sauti ikishaingia kwenye simu za watu, unafuta ya nani?

Tangu hapo tuna utaratibu, na kijana asiyeufuata hashiki maiki. Kabla ya kurekodi unamwambia mtu itakwenda wapi. Baada ya kuhariri unamrudia, unamchezea yote, halafu unamuuliza: nani asisikie hii? Usimuulize "umekubali?" kwa sababu watu wetu kwa heshima watasema ndiyo. Muulize hivyo nilivyosema, utashangaa. Mmoja atakuambia mwenye nyumba wake, mwingine atakuambia mke mkubwa. Kama ni mtoto, anaulizwa mzazi, na hata mzazi akikubali, piga picha mikono, ndoo, foleni ya madumu. Shida ya maji inaonekana bila uso wa mtoto.

Na sheria ipo. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, na kabla yake Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Wasomeeni vijana, hata kurasa chache, wajue kwamba kitufe cha kutuma kina uzito. Lakini mimi kilichonibadilisha ni swali la yule mama.

*Mambo Fundi. Nimemaliza kidato cha nne, niko Uvinza. Nikijifunza hizi kazi za media nitapata ajira? Nataka kufungua TV yangu ya mtandaoni.*
Kijana wa Uvinza

Poa, mjukuu. Ajira ya kuandikiwa barua sikuahidi. Katika waliopita mezani kwangu, wengi wanaoingiza pesa wanatengeneza simu, wanarekodi harusi, au wanawachapia watu barua na fomu za maombi mtandaoni. Wawili wako redioni, na walianza kwa kujitolea.

TV ya mtandaoni inayotoa habari inahitaji leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, usianze kabla ya kuulizia. Kama mko kikundi, nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii mkaulizie mkopo wa halmashauri, ile asilimia kumi ya mapato ya ndani; asilimia nne ni ya vijana na hauna riba. Ila watawauliza mnauza nini. "Content" siyo jibu kwa afisa wa Uvinza. Mwambie mnarekodi matangazo ya mnada na wenye maduka watalipa, na mwende na la kwanza mkononi.

*Fundi, mimi ni mzee mwenzio wa Gungu. Mjukuu wangu anakuja kwako, akirudi ananicheka kwa simu yangu. Juzi nilipata ujumbe, "ile pesa tuma kwenye namba hii", nikatuma kweli, nikidhani ni mwenye shamba. Mbona mafunzo ni ya vijana tu?*
Mzee wa Gungu

Pole sana, kaka. Na huyo mjukuu wako nitamshughulikia.

Ujumbe wa namna hiyo ukija tena, usijibu, upeleke pamoja na namba iliyoutuma kwenda 15040. Halafu piga *106# ufuate maelekezo, utaona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Mzee mmoja wa Katubuka alifanya hivyo hapa mezani akakuta laini nne, na yeye maisha yake yote ana moja. Tulimpeleka kwa watoa huduma, zikafungwa.

Sasa kazi ya vijana wangu mwezi huu nimeshaipata: wapite baraza kwa baraza Gungu, kila mmoja na wazee wake watano, wawaonyeshe hayo mawili na wasiondoke mpaka mzee afanye mwenyewe kwa kidole chake. Wa kwako ataanza na wewe, na akicheka niambie.

Ukitaka kuja kibandani uje Jumamosi baada ya alasiri, na kitambulisho chako. Siyo hii, ijayo. Hii mwezi umejaa, hutapata pa kukaa.